Mbu na Nzi: Adui Azaliwaye Uani

Msafiri atokaye Goma akielekea magharibi, akiisha kupita Mugunga, huiona nchi ya mawe meusi yaliyomwagwa na volkano. Maji hayaonekani juu ya ardhi, maana mvua inyeshapo humezwa mara na nyufa za mawe. Kisha, baada ya kilomita ishirini na tano hivi tangu mjini, hufika Sake, kwenye pembe ya Ziwa Kivu, na hapo nchi hubadilika. Mbele yake husimama milima ya Masisi yenye udongo mzuri na malisho ya ng'ombe. Kushoto hulala ziwa. Nayo barabara hugawanyika, moja ikipanda Mushaki na Masisi, ya pili ikifuata ziwa kwenda Minova na Bukavu.

Sake basi imewekwa kati ya nchi mbili, ya mawe na ya udongo, na kila moja ina mdudu wake. Upande wa mawe ni taabu kubwa kuchimba choo, na nzi hufaidi. Upande wa udongo maji hutuama, na mbu hufaidi. Watu wa hapa, kama watu wote wa Kivu, hupika, hula, huongea na kulea watoto nje ya nyumba zaidi ya ndani; hivyo huwapata wageni hao wawili uani pao, nzi mchana kutwa, na mbu jua lizamapo.

Mara nyingi tunamwona mama akipunga majani juu ya sufuria, au baba akiongeza majani mabichi motoni ili moshi uwafukuze mbu. Si kazi mbaya. Lakini huko ni kupigana na adui akiisha kuota mabawa. Kwa muda wa siku nyingi kabla ya hapo mdudu huyo alikuwa hana mabawa, hana miguu ya kukimbilia, amelala ndani ya pipa letu au ndani ya samadi yetu, na mtoto wa miaka saba angaliweza kumwua kwa kumwaga ndoo. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi.

Na jambo lenyewe si la kuchezea. Shirika la Afya Ulimwenguni lilihesabu kwamba katika mwaka 2023 malaria iliua watu wapatao 597,000 duniani, karibu wote katika Afrika, na katika Afrika kila watu wanne waliokufa, watatu walikuwa watoto wasiotimiza miaka mitano. Nchi yetu ya Kongo ilikuwa ya pili kwa wingi wa wagonjwa, ikitanguliwa na Nijeria tu. Tena vita vya mwaka 2024 na vya Januari 2025 viliwatoa watu wengi wa Sake makwao. Aliyelala njaa njiani, na mtoto aliyedhoofika, homa ikimpata humchukua upesi kuliko mwingine.

Mbu si wa namna moja

Zamani hata madaktari wa Ulaya walidhani kwamba homa hii hutoka katika hewa chafu ya vinamasi; ndiyo maana ya jina malaria katika Kiitalia, yaani hewa mbaya. Mwaka 1880 daktari Mfaransa Alphonse Laveran, akiwa Algeria, aliviona vijidudu vya homa katika damu ya askari mgonjwa. Tarehe 20 Agosti 1897, huko Secunderabad katika India, Mwingereza Ronald Ross akaviona ndani ya tumbo la mbu. Mwaka uliofuata Mwitalia Giovanni Battista Grassi na wenzake wakathibitisha kwamba mbu wa malaria ya watu ni wa jamii moja tu, iitwayo anofelesi.

Jambo hili watu wengi hawalijui, nalo ni la maana sana kwa kazi ya uani. Mbu wa kwetu twaweza kuwagawa mafungu matatu. Anofelesi hupenda maji safi au yenye udongo, yasiyo na uvundo: dimbwi dogo lililopigwa na jua, nyayo za ng'ombe zilizojaa mvua, alama za magurudumu ya malori, shimo la kufyatulia matofali, na pia majani ya kandokando ya ziwa. Kuleksi hupenda maji machafu: mtaro ulioziba, shimo la maji ya kuogea, choo chenye maji. Edesi, mwenye madoa meupe miguuni, ndiye mbu wa vyombo: pipa, mtungi, kopo, tairi la kale. Huyu wa tatu huuma mchana, naye aweza kuleta dengi, chikungunya na homa ya manjano.

Hata mgomba unaweza kuwa nyumba ya mbu. Katika Bwamba, magharibi ya Uganda, karibu na mpaka wa Kongo, wataalamu wa taasisi ya Entebbe walichunguza homa ya manjano mnamo miaka ya 1940, wakakuta aina ya edesi wanaozaliwa katika maji kidogo yanayokaa kati ya majani na shina la mgomba. Hatusemi watu wakate migomba yao! Dhidi ya homa ya manjano iko chanjo, ambayo mtoto hupewa akiwa na miezi tisa. Twasema tu kwamba kijiko kimoja cha maji kinamtosha mbu.

Wanafunzi wanaweza kufanya jaribio lisilogharimu kitu. Chukua bakuli jeupe, chota maji ya dimbwi taratibu, kisha tazama. Viluwiluwi vya kuleksi na edesi huning'inia kichwa chini, vikivuta hewa kwa mrija ulio mkiani. Kiluwiluwi cha anofelesi hana mrija. Hulala sawasawa juu ya uso wa maji, kama ujiti mdogo. Naye anofelesi mkubwa, atuapo ukutani, huinua mkia juu, ambapo wengine hukaa wamelingana na ukuta. Kijana ajuaye haya atakuwa wa faida kijijini kuliko yule awezaye kukariri tu kwamba mbu huleta malaria.

Tangu yai hata mbu kuruka, katika nchi ya joto, ni siku saba hata kumi. Huku kwetu, ziwa likiwa mita 1,460 hivi juu ya bahari, baridi humchelewesha, na pengine huhitaji majuma mawili au zaidi. Baridi humchelewesha pia kijidudu cha malaria ndani ya mbu. Ndiyo sababu juu sana milimani homa ni haba. Lakini Sake si juu kiasi cha kutosha. Tena mtu aliyekulia katika baridi ya milimani, ambaye damu yake haikuzoea homa hii, akishuka ziwani huugua vikali kuliko mwenyeji.

Kwa nini kiangazi?

Wengi hupumzika tangu Juni hata Agosti, wakisema, mvua zimekwisha, mbu wamepungua. Ni kweli wamepungua. Lakini hapo ndipo mahali pao pa kuzalia pamekuwa pachache na pa kuonekana kwa urahisi. Wakati wa mvua madimbwi ni maelfu, na mtu akiziba moja jingine huzaliwa usiku uleule. Wakati wa kiangazi maji yamebaki mahali pa kuhesabika: pipa la nyuma ya jiko, kisima kilicho wazi, shimo la matofali, ukingo wa kijito. Wataalamu wenyewe husema kwamba kazi ya kuua viluwiluwi hufaa hasa pale ambapo maji hayo ni machache, hayahamihami, na yapatikana upesi.

Upande wa mawe, ambako maji ni ya taabu, kila nyumba huweka akiba katika mapipa na mabidoni, kiangazi kama masika. Bidoni lililofungwa kifuniko chake halina neno. Pipa lililo wazi ndilo linalolea mbu. Lifunikwe kwa ubao au kitambaa kilichofungwa kwa kamba pande zote, bila nafasi, kwa kuwa mbu hupita penye tundu dogo. Na mara moja kila juma limwagwe hata tone la mwisho, lisuguliwe kuta zake kwa brashi au kwa majani makavu. Kusugua kusisahauliwe: mayai ya edesi hushikamana na ukuta wa chombo, nayo yaweza kukaa makavu miezi mingi, yakingoja maji.

Upande wa udongo kazi ni ya jembe. Shimo la matofali lifukiwe kazi ikiisha. Mahali ng'ombe wanywapo maji pawekwe mawe, ili nyayo zisifanye visima vidogo. Mtaro uwe na mteremko, nao usafishwe hata maji yatiririke. Bwawa lisilofukika linaweza kutiwa samaki wa namna ya tilapia, walao viluwiluwi. Wengine humwaga mafuta machafu ya gari juu ya dimbwi, na kweli huua. Lakini mafuta hayo yasikaribie kisima wala ziwa, kwani maji tunywayo ni yaleyale.

Kwamba kazi ya namna hii yaweza kushinda, mfano uko karibu nasi. Katika Luanshya, penye mgodi wa shaba wa Roan Antelope, nchi iitwayo leo Zambia, si mbali na mpaka wa Katanga, malaria iliwaua na kuwalaza wafanyakazi wengi. Kuanzia mwaka 1929 walianza kukausha vinamasi, kufyeka majani ya kando ya mto, kunyosha kingo zake na kumwaga mafuta juu ya maji yaliyotuama, pamoja na kuweka nyavu madirishani na kutumia vyandarua na kwinini. DDT ilikuwa bado kujulikana kuwa dawa ya wadudu. Kwa muda wa miaka mitatu hata mitano wagonjwa na wafu wa malaria walipungua kwa asilimia 70 hata 95. Ni kweli kwamba mgodi ulikuwa na fedha na watu wa kuagizwa. Familia ya Sake haina. Lakini ua ni mdogo kuliko mgodi.

Sisi hatutawadanganya wasomaji wetu. Mama anayefunika mapipa yake yote atawashinda edesi, na akisafisha mtaro atawapunguza kuleksi. Lakini anofelesi wa ukingo wa ziwa hawatoki kwake, na kinamasi cha ziwa hakikaushwi na mtu mmoja. Kwa hiyo chandarua chenye dawa hakiachwi, hata uani pawe safi kama meza. Anofelesi huuma zaidi usiku wa manane, watu wakiwa wamelala, ingawa wengine huanza tangu jua kuzama. Aketiye nje huumwa hasa miguuni na kwenye vifundo. Basi wakati wa mazungumzo ya jioni kitenge kirefu au soksi hufaa kuliko moshi, na mtoto mchanga aingizwe ndani ya chandarua mapema.

Nzi na chakula chake

Nzi hana jino. Hawezi kula kitu kigumu. Hutema mate yake juu ya chakula mpaka kilainike, kisha hukifyonza. Akitoka chooni hutua juu ya ugali, akatema yale aliyoyabeba, na miguu yake yenye manyoya huacha mengine. Jike hutaga mayai mia na zaidi kwa mara moja, naye hurudia mara kadhaa. Yai huanguliwa kwa siku moja tu. Mabuu meupe hula samadi kwa juma moja hivi, kisha hutambaa mpaka udongo mkavu, wakajifunga kama punje nyekundu. Penye joto, siku kumi zikipita, wamekuwa nzi. Hapa napo hesabu ya juma hutufaa: uchafu uondolewao kila siku saba hauna muda wa kutoa nzi.

Katika Gambia wachunguzi walipuliza dawa ya nzi katika vijiji kadhaa na kuviacha vingine. Katika taarifa waliyoitoa mwaka 1999 walieleza kwamba palipopulizwa wagonjwa wapya wa trakoma, ule ugonjwa wa macho unaopofusha, walipungua kwa robo tatu, na kuhara kwa watoto kwa karibu robo. Baadaye wakajaribu bila dawa, kwa kujenga vyoo tu, na nzi watuao machoni mwa watoto wakapungua kwa theluthi hivi. Sababu ni kwamba nzi huyo wa macho hutaga hasa katika kinyesi cha mtu kilichoachwa wazi juu ya ardhi. Wazazi wengi hudhani kinyesi cha mtoto mdogo hakina madhara, nao hukitupa nyuma ya nyumba. Kina madhara sawa na cha mtu mzima, au kuzidi.

Nchi yetu imeyaona hayo kwa ukubwa wa kutisha. Mwezi wa Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Goma, na wengi waliwekwa juu ya mawe ya Mugunga, Kibumba na Katale, mahali ambapo jembe haliingii. Kwa mwezi mmoja watu karibu 50,000 walikufa, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Maji machafu ndiyo yaliyoua zaidi. Lakini mahali pasipo choo nzi nao hushika kazi, hasa ya kueneza kuhara damu. Tena Mei 2021, baada ya Nyiragongo kulipuka, watu makumi ya maelfu wa Goma waliamriwa kuhama, wakaja Sake kwa siku chache. Mji mdogo ukijazwa hivyo, choo cha jirani huwa choo chako.

Penye mawe basi choo kijengwe juu, kama chumba cha mawe kilichosilibwa vizuri, na ngazi za kupandia. Katika Zimbabwe, mnamo miaka ya 1970, wataalamu wa maabara ya Blair walitengeneza choo chenye bomba refu litokalo shimoni na kupita juu ya paa, lenye wavu mdogo wa chuma kinywani pake. Upepo upitao juu ya bomba huvuta harufu kutoka shimoni. Ndani ya choo mna giza. Nzi aliye shimoni huona mwanga wa bomba tu, hupanda kuufuata, hugonga wavu, akafia hapo. Ni ufundi rahisi wa kupendeza. Lakini tumeona mabomba yaliyowekwa bila wavu: hayo ni milango ya nzi, afadhali yasingewekwa. Mwenye choo cha kawaida afunike tundu kwa kifuniko kinachobana, na kumwaga majivu kila siku.

Wafugaji, nao ni wengi tangu Sake hata milima ya Masisi, wana akiba kubwa ya nzi, yaani samadi. Wakati wa kiangazi itandazwe nyembamba juani. Hukauka upesi, na mayai hufa. Wakati wa mvua ilundikwe pamoja, ishindiliwe na kufunikwa udongo. Lundo likichacha hupata moto ndani yake, na mabuu hayawezi kuishi humo. Hubaki pembeni tu penye ubaridi. Kwa hiyo kila juma sehemu za nje zigeuzwe kuingia ndani. Mwenye shamba atapata mbolea nzuri zaidi kwa kazi ileile.

Wauza sambaza wana shida yao. Samaki hawa wadogo, walioletwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, hukaushwa nje, na nzi hukusanyika toka mbali. Waanikwe juu ya kichanja kilichoinuliwa, juu ya wavu, si chini, na matumbo na magamba yafukiwe papo hapo. Mahali pengine wako wachuuzi wanyunyizao samaki dawa ya wadudu ili nzi wasitue. Huko ni kumwuzia mtu sumu. Mtego ni bora: kata chupa ya plastiki sehemu ya juu, ipindue iingie ndani kama mdomo wa faneli, tia humo maji na kipande cha samaki aliyeoza, kisha uiweke mbali na jiko. Nzi huingia, hawajui kutoka.

Moshi na dawa

Nchi za juu za Kivu zililima sana maua ya pareto tangu wakati wa Wabelgiji, kama Kenya na Rwanda. Ndani ya ua hilo jeupe mna dawa iuayo wadudu upesi, isiyomdhuru sana mtu. Na dawa itiwayo leo katika vyandarua ilitengenezwa kwa kuigiza hiyo. Lakini dawa ya pareto yenyewe huharibiwa upesi na jua, hivyo kuinyunyiza uani mchana ni kumwaga fedha. Udi wa mbu hufaa kidogo mahali pasipo upepo. Moshi wa majani huwafukuza mbu kwa muda, lakini macho na mapafu ya watoto hulipa gharama yake.

Tangu miaka ya 1970 watu wa Kongo wanaijua salongo, siku ya juma ya kusafisha kwa pamoja. Mara nyingi hufagiliwa barabara, kwa kuwa ndiyo ionwayo na wakubwa, na nyuma ya jiko hubaki vilevile. Siku hiyohiyo yatosha kabisa kwa kazi tuliyoieleza: saa moja, mapipa kusuguliwa, makopo kufukiwa, matairi kutobolewa au kuezekwa, samadi kugeuzwa, mtaro kuzibuliwa. Ila alama za malori katika barabara ya Masisi haziwezi kufukiwa na mama mwenye watoto wanne. Hizo ni za mkuu wa mtaa na wenye magari.

Nao warudio nyumba zilizoachwa miezi mingi, kabla ya kufyeka majani ya mbele ili nyumba ipendeze, waanze nyuma: vyombo vilivyosahauliwa na kujaa mvua, kifuniko cha choo kilichooza au kuibiwa, kisima kilichobaki wazi. Wavipindue vyombo siku ileile ya kufika, na usiku wa kwanza watoto walale ndani ya chandarua, hata kama mlango wa nyumba haujapatikana.